Vizibo vya Soda Barazani kwa Baba Mkwe

Kwa siku hamsini na nane niliishi nyumba moja na mwanaume ambaye sikuruhusiwa kumtazama usoni.

Siyo jini. Siyo mganga. Ni baba mkwe wangu.

Na msianze kunipa pole mapema, wala msianze kumtukana huyo mzee. Mimi nilishamtukana sana moyoni, na nilikosea mtu.

Naitwa Bertha, mama Yusta. Mimi Mhehe wa Ilula, naishi Kihesa, Iringa mjini, nafundisha shule ya msingi ya binafsi. Mume wangu ni Lugano, Mnyakyusa, naye ni mwalimu wa sekondari. Jina la baba yake siliandiki hapa. Sababu mtaiona mbele.

Ilikuwa Machi 2020. Shule zilikuwa zimefungwa wiki hiyo hiyo kwa ajili ya korona, nasi tukaenda Mbeya, pale Uyole, kujengea kaburi la marehemu mama mkwe. Ni safari ya siku tatu tu. Yusta wetu alikuwa na miaka minne na alikuwa na tetekuwanga, kwa hiyo tulimwacha Kihesa na mama yangu, aliyeiacha meza yake ya nyanya kule Ilula akaja kutushikia mtoto.

Nilibeba vitenge viwili na mswaki.

Jumatatu asubuhi nikatoka uani na begi langu mkononi. Getini nikakuta kufuli jipya, kubwa, linang'aa.

"Baba amefunga," Lugano akaniambia. "Anasema hatoki mtu mpaka ugonjwa upite. Ana umri, ana presha. Tumwelewe tu."

Nikarudisha begi ndani. Nikajua ni wiki moja.

Sasa nyie ambao hamjaolewa Unyakyusani, nisikilizeni. Kwa mila yao, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, na mkamwana halitamki jina la baba mkwe. Ni heshima hiyo. Familia nyingi za mjini zimeshalegeza. Hii niliyoingia mimi ilikuwa haijalegeza hata uzi.

Miaka sita ya ndoa mila hiyo haikunisumbua. Tulikuwa tunaenda mara mbili kwa mwaka, siku mbili mbili. Siku mbili mtu yeyote anaweza kujificha.

Siku hamsini na nane ni ajira, tena isiyo na likizo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mzee kabla ya kutoka chumbani kwake anagonga fimbo sakafuni mara tatu. Mimi nikisikia, naacha kila kitu nakimbilia jikoni, nyuma ya pazia. Siku moja alinikuta katikati ya sebule na ndoo ya kudekia, sina pa kwenda. Nikajifunika kanga kichwa kizima na kugeukia ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa darasani. Akapita taratibu, akaenda zake barazani.

Mwalimu mzima. Nina diploma yangu.

Kuongea naye ilikuwa lazima kupitia mtu, na mtu mwenyewe mara nyingi ni Mercy, wifi yangu, mwanafunzi wa chuo ambaye naye alirudishwa nyumbani.

"Mercy, mwambie mama Yusta maharage ya leo ni mazuri."

Mimi niko hatua tatu kutoka hapo, nyuma ya pazia, nasikia kila kitu.

"Wifi, maharage mazuri," Mercy anasema, macho hayajatoka kwenye simu.

"Mwambie Baba ahsante."

"Baba, ahsante."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kama redio ya upepo, kila neno linarushwa mara mbili.

Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba nchi nzima ilikuwa inatembea! Nje ya geti nilisikia watu wanapishana kwenda sokoni, bodaboda zinapiga honi, wamama wanauza viazi. Ni sisi peke yetu tuliojifungia.

Hiyo nyumba ilivyochosha, sijui niwaelezeje. Lugano alivaa bukta moja ya bluu kuanzia Machi. Anaamka saa nne, anakaa kwenye kochi, anaangalia marudio ya mechi za zamani na anabishana na televisheni. Mechi anajua iliishaje! Alikuwepo! Bado anasimama kumfokea refa.

Akichoka na mpira anakuwa daktari. "Kitaalamu," anaanza, na hapo ujue dakika arobaini zimekwenda. Alikuwa anajifukiza majani ya mikaratusi na ndimu, anaingia chini ya blanketi na sufuria, anatoka mwekundu anatiririka jasho na kututangazia mapafu yamefunguka. Halafu mapafu yaliyofunguka yanaenda kulala mpaka jioni.

Mercy naye alikuwa anajirekodi video. "Hi guys, siku ya thelathini na nne ya lockdown."

"Lockdown ipi, wifi?" nikamuuliza. "Hii ni ya geti la baba yako tu."

Akaninyamazisha kwa mkono, nisimharibie.

Hao ndugu wawili waligombana siku mbili kwa sababu ya rimoti. Kaka ana miaka thelathini na sita. Siku ya tatu rimoti ikaonekana imekaliwa na kaka mwenyewe, na hakuna aliyeomba msamaha.

Mimi? Mimi nilikuwa napika, nafua, nafagia, nakimbia fimbo.

Kila Jumamosi Lugano alikuwa anatoka peke yake kwenda sokoni. "Baba amenipa ufunguo kwa masharti," ananiambia, kwa uso mzito kama anakwenda vitani. Anatoka saa tatu asubuhi, anarudi saa tisa na kabichi moja.

Saa sita kutafuta kabichi. Uyole! Uyole ukikaa vibaya unakalia kabichi.

"Foleni," anasema. Na kijiti cha meno kipo mdomoni, na shati linanukia kitimoto.

Nikameza. Ndiye mume, nifanyeje.

Lakini kila siku ya tatu nilimuuliza swali moja. "Umemwambia Baba nataka kwenda kwa mtoto?"

"Nimemwambia. Amekataa."

"Amesemaje?"

"Amesema mwanamke gani anataka kuubeba ugonjwa na kuutembeza barabarani. Bertha, vumilia. Ukimbana presha itapanda, tutamzika, watu watasema ni wewe."

Nilimchukia yule mzee, nyie. Nilimchukia mpaka kijiko chake nilikuwa nakiosha kwa hasira. Alikuwa anatembea na funguo kiunoni zinalia chwachwachwa, na kila zikilia nilikuwa namuona mwanangu Kihesa amekaa mlangoni ananisubiri. Nikasema moyoni, huyu ni mshamba wa mwisho duniani, anatufuga kama kuku.

Nilijaribu kumtuma Mercy. "Wifi, hebu nisemee kwa Baba."

"Kaka amesema tusimsumbue, ana presha. Na mambo ya ndoa yenu mimi siingilii."

Basi. Mdomo ninao, ila njia ya kufika kwa mwenye nyumba ilikuwa moja tu, na inavaa bukta ya bluu.

Sasa ngoja niwaambie kuhusu drafti.

Mzee alikuwa na ubao wake wa drafti barazani, wa mbao, umepakwa rangi, kete zake ni vizibo vya soda. Upande mmoja vimelala kifudifudi, upande mwingine vimelala chali. Zamani alikuwa anacheza na rafiki zake. Geti lilipofungwa akawa hana mtu. Lugano drafti hajui, Mercy anasema ni mchezo wa wazee. Kwa hiyo Mzee akawa anacheza mwenyewe, anasogeza huku, anazunguka anakaa upande wa pili, anasogeza kule.

Mimi naufagia ule ukumbi wa baraza kila asubuhi kabla hajaamka. Na mimi drafti najua. Baba yangu alinifundisha nikiwa darasa la pili, pale pale barabarani Ilula, tukisubiri mabasi yasimame tuuze nyanya. Kwetu Ilula vijana wakubwa walikuwa wanakataa kucheza na mimi kwa kuogopa aibu.

Asubuhi moja nikaona Mzee ameacha mchezo katikati, na upande wa chali una nafasi ya kula kete mbili ambayo hajaiona. Mkono ukaniwasha. Nikala zile mbili, nikaziweka pembeni vizuri, nikaendelea kufagia.

Siku nzima nilikuwa natega sikio. Nilijua Mercy ataniambia, "Wifi, Baba anauliza nani amechezea ubao wake."

Hakuuliza.

Kesho yake nilipotoka na ufagio, kete moja ya upande wa kifudifudi ilikuwa imesogezwa. Amejibu. Na upande wangu haukuguswa.

Basi ikawa hivyo kila siku, kete moja yangu, kete moja yake. Tulicheza karibu mwezi na nusu bila kuonana wala kusemeshana neno. Mchezo wa kwanza alinifunga. Wa pili kete yangu ikaingia kingi, nikamfagia mpaka kizibo cha mwisho, na siku ile jikoni nilisikia anacheka peke yake barazani. Mercy akauliza, "Baba, unacheka nini?" Akasema, "Hakuna."

Nilifurahi, siwafichi. Halafu nikajichukia kwa kufurahi. Mtu amenitenga na mtoto wangu, mimi nacheka naye kwenye vizibo!

Ikafika siku ya hamsini na saba.

Kila jioni nilikuwa nampigia Mama simu niongee na Yusta. Mwanzoni alikuwa analia, "Mama uje." Baadaye akawa halii, ananisimulia habari za paka wa jirani. Baadaye akawa anasema "haya" na kumrudishia bibi simu. Jioni ile Mama akapokea, nikamsikia anaita, "Yusta, njoo, mama yako."

Nikamsikia mwanangu, sauti ndogo, iko mbali kidogo na simu.

"Bibi, mwambie nimelala."

  Nikakata simu, nikaingia bafuni, nikafungua maji ya bomba ili wasinisikie.

Nililia vibaya sana. Nilipomaliza nikachana karatasi kwenye daftari la Mercy. Nikaandika: "Baba, naomba uniruhusu niende kwa mtoto wangu. Leo ni siku ya hamsini na saba. Mkamwana wako, Bertha." Asubuhi kabla hakujakucha vizuri nikaiweka juu ya ubao wa drafti, nikaigandamiza na kizibo kimoja.

Nikarudi jikoni nikasubiri kutukanwa.

Fimbo ikagonga mara tatu. Mlango wa baraza ukafunguka. Nikasikia vizibo vinagongana, ameubeba ubao mzima anautua mezani ndani. Halafu sauti yake sebuleni.

"Lugano. Mercy. Njooni hapa. Na mama Yusta akae hapo nyuma ya pazia, asiende mbali."

Lugano akatoka chumbani anapiga miayo, na bukta yake, akawasha televisheni kwa mazoea.

"Lugano," Mzee akasema, "mkeo anaogopa nini?"

"Ugonjwa, Baba. Si nilikwambia."

"Uliniambia. Ile Jumatatu uliniambia mkeo amelia usiku kucha, hataki kupanda basi, anaomba akae hapa mpaka ugonjwa uishe. Nikasema sawa, hapa ni kwake. Ukasema tufunge na geti wageni wasije wakamletea. Nikasema sawa."

Nilishika pazia kwa mikono miwili.

"Sasa hii karatasi imeandikwa na nani?"

Lugano akavuta bukta juu. Kwenye televisheni watu wakashangilia goli.

"Zima hicho kitu. Mercy, muulize mama Yusta, aliwahi kusema anaogopa kusafiri?"

Kwa mara ya kwanza tangu Machi, Mercy akaweka simu chini. "Wifi, uliwahi kuse—"

"Sijawahi!"

"Baba, anasema haja—"

"Nimesikia. Mimi siyo kiziwi."

"Baba, huyu hakunielewa," Lugano akaingilia. "Kitaalamu, mtu akiwa na hofu..."

"Gwe, nyamaza!"

Halafu nikasikia miguu ya kiti inakwaruza sakafu.

"Mercy, mwambie mama Yusta nimegeukia ukutani. Atoke aje aseme mwenyewe, kwa mdomo wake. Mimi naangalia kalenda ya kanisa."

Nikatoka.

 Miaka sita nilikuwa namfikiria ni jitu. Nikaona mgongo mwembamba kwenye koti la kijivu, shingo yenye mvi, masikio makubwa. Babu wa watu amekaa anaitazama kalenda.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia moja kwa moja. Nilitaka kuongea kwa ukali, ikatoka sauti ya kuomba. Nikamwambia yote. Kwamba kila siku ya tatu nimeomba ruhusa. Kwamba nimeambiwa amekataa. Kwamba mwanangu amesema niambiwe amelala.

"Naomba tu ufunguo wa geti, Baba."

"Ufunguo?" Akapapasa kiunoni. "Hizi ni za ghala la mahindi na stoo. Kufuli la geti alinunua Lugano. Ufunguo anao yeye."

Nyie.

Nikamgeukia Lugano. Mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye mfuko wa bukta.

"Sema sababu," Mzee akamwambia.

"Baba..."

"Sema!"

"Mama yake yuko pale nyumbani." Alikuwa anaongea na sakafu. "Nyumba ni vyumba viwili, choo kimoja. Shule zimefungwa, nitashinda wapi? Nitaishije nyumba moja na mama mkwe? Nikutane naye kwenye korido? Mila hairuhusu."

Mmeelewa hapo? Mila ile ina pande mbili. Mkamwana anamkwepa baba mkwe, na mwanaume naye anamkwepa mama mkwe. Mimi nilifichwa siku hamsini na nane ili yeye asijifiche hata moja. Na wala mama yangu hana habari na hayo mambo. Kwetu angemwita ndani ampe chai, ampigie stori za bei ya nyanya mpaka asinzie.

Nimewahi kudharau watu, lakini ile siku niligundua kumbe nilikuwa nafanya mazoezi tu.

Mzee hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, na Lugano akaweka ufunguo. Mzee akauweka juu ya ubao wa drafti pale mezani kando yake, katikati ya vizibo, kwa kuwa mkononi hawezi kunipa.

"Mkeo amejificha kwangu siku hamsini na nane, sijasikia akilalamika," akasema. "Wewe umeshindwa kabla ya kuanza. Nenda kavae suruali."

Nilipouchukua ule ufunguo akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na ile kete yako ya pembeni nimeshaiona. Usidhani nimezeeka."

Kesho yake asubuhi tulikuwa kwenye basi, mimi kiti cha mbele, Lugano nilimwambia atafute cha nyuma.

Kihesa tulifika alasiri. Yusta alikuwa uani anacheza. Aliponiona alikimbia, na mimi nikapiga magoti nikafungua mikono. Akapita pembeni yangu akaenda kujificha nyuma ya kitenge cha bibi yake. Akanichungulia.

"Shikamoo," akaniambia, kama anavyowaamkia wageni.

Iliniuma kuliko siku zote hamsini na nane. Ilichukua wiki mbili kabla hajakubali kulala na mimi.

Lugano je? Mama alikaa kwetu mpaka shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni, nilimwomba mwenyewe abaki. Bwana mkubwa akawa anaishi chumbani. Akitaka kwenda chooni anagonga mlango kwa ndani, mara tatu. Chakula anapelekewa na Yusta. Mama naye, hana ubaya, anasimama dirishani kwake, "Baba Yusta, kamwene, umelalaje?" na mwanaume anajifunika shuka kichwani.

Mimi nilikuwa sebuleni naangalia marudio ya mechi.

Bado niko naye, msiniulize kwa nini, hiyo ni simulizi nyingine na mimi sina nguvu ya kuiandika. Ila naye anajua kwamba najua.

Na jina la Mzee sijaliandika. Zamani nisingelitaja kwa kuogopa. Leo silitaji kwa sababu ndiye mtu pekee katika nyumba ile aliyegeuza kiti ili anisikie.

Funzo langu ni hili. Ukiona kila neno lako linapita mdomoni mwa mtu mwingine, usianze kumchukia aliye mwisho wa njia. Kwanza hakikisha neno lilifika. Mimi nilimchukia mzee wa watu bure, nikamfulia bukta mtu aliyekuwa na ufunguo mfukoni.

Drafti tunaendelea mpaka leo, kwa simu. Mimi nina ubao wangu Kihesa, yeye wake Uyole. Mercy anapiga, "Wifi, Baba amesogeza ya tatu kutoka kushoto."

"Weka sauti kubwa," namwambia.

Anaweka. Nasubiri mpaka nisikie mwenyewe fimbo ikigonga sakafu mara tatu, ndipo nasogeza kizibo changu.